Mikono Nyuma ya Mgongo

Fundi cherehani aliyeitwa Kimya aliingizwa kwenye chama cha udugu na shemeji yake, mume wa dada yake, ambaye ndiye aliyekuwa Mkuu wa chama. Shemeji huyo ndiye aliyemfundisha maana ya kila kitu mle ukumbini. Taa ni ukweli, duara ni undugu. Taa haiwashwi mpaka ndugu wote washikane mikono, na mwenye kinyongo na mwenzake huficha mikono mgongoni mpaka aulizwe mbele ya wote.

Kisha shemeji akapata mwanamke mwingine, akamtupa dada mtu nje mchana kweupe, yeye na masufuria yake. Kimya hakufoka. Alijikausha, akaendelea kushona, akiingojea siku ya kupokea wanachama wapya.

Siku ikafika. Wenzake waliposhikana mikono, Kimya akaificha yake mgongoni.

"Ndugu, mkono," Mkuu akanong'ona, jasho likimtoka. "Usiniaibishe mbele ya wageni."

"Uliza, shemeji. Si ndivyo ulivyonifundisha?"

Ikabidi aulize. Kimya akamwaga yote, kuanzia masufuria hadi majirani waliotoka kutazama. Duara likaanza kuachia, mkono mmoja baada ya mwingine ukienda mgongoni, hadi Mkuu akabaki peke yake na kibiriti chake.

"Nimekosa," akasema. "Nisamehe basi, tuwashe taa."

"Somo la mikono lilinikaa vizuri, shemeji," Kimya akajibu. "La kusamehe hukunifundisha."