Arisaka Yangu na Suruali ya Mjomba

Jamani, hili sijawahi kumsimulia mtu, na hata sasa nikilianza tu masikio yanapata moto.

Nilikuwa namchumbia Neema, na kwao, Wakongo wa Uvira waliohamia Vårby gård huku kwa Waswidi, kijana hapewi jibu mpaka mjomba wa binti ashinde naye siku nzima amsome. Basi Mjomba Faustin akaja kunisoma, kavaa suti. Mtu mwenye akili angempeleka kula. Mimi nikasema, "Mjomba, twende Jakobsberg nikuonyeshe kitu kizuri," nikaishia hapo, kitu chenyewe sikukitaja, nilitaka kumshtukiza (na kweli nilimshtukiza).

Kitu chenyewe kilikuwa Arisaka, bunduki ya jeshi la Japani la zamani, niliyokuwa nikipigia shabaha klabuni kwa kibali, na mnanijua nikianza kuisifu sinyamazi: komeo lake la kufungia risasi gumu kupita la bunduki nyingi za rika lake, teke lake begani la upole, na juu ya chuma bado limechorwa lile ua, alama ya mfalme wa Japani, ambalo kwenye nyingi lilikwanguliwa, wakusanyaji wanalitafuta kama dhahabu. Mjomba alipoiona aliikazia macho. Nikadhani imemvutia. Nikampa vifuniko vya masikio, nikaendelea kumweleza huku nalenga, na yeye, nyuma yangu, kwa adabu yake akavivua ili anisikie, maana kwao huzibi masikio mtu akikusemesha.

Nikafyatua.

Sijui alinifikiaje. Nilijikuta kifudifudi sakafuni, bunduki kule, mjomba kanilalia mgongoni, kanifunika kichwa kwa mikono, ananong'ona, "Usiinuke, mtoto yangu, watapita, watapita." Filimbi ikalia, milio yote ikakatika, Waswidi wakatugeukia. Na mimi, mjinga, nikacheka! Nilipogeuka ndipo nikaona suruali yake imelowa.

Kwenye treni alijifunga koti langu kiunoni. Tulipokaribia kushuka akasema, "Ni chuma kizuri, kweli. Nyumbani tuseme niliteleza kwenye barafu."

Hakunisema vibaya, jibu lilikuwa ndiyo. Arisaka nimeiuza, na sitamwita tena mtu mahali bila kumtajia kinachomngoja. Lakini kila sikukuu Neema anasimulia jinsi mjomba alivyoteleza, nyumba nzima inaangua kicheko, mjomba ananitazama, na mimi, kwa kuwa tulikubaliana, nacheka.