Kikombe Nilichokikataa Mbele za Watu

Nimekosa. Sikukosa kwa kutojua, wala sikusukumwa na mtu. Nilikosa nikiwa nimeketi vizuri, nimevaa kitenge kilichopigwa pasi, nikiwa na akili zangu zote. Nakueleza wewe usiyenijua kwa sababu wanaonijua hawanisikilizi tena.

Mimi ni mjane, mkazi wa Kisangani. Nilianza kusoma nikiwa na miaka hamsini na miwili, katika darasa la watu wazima, na cheti changu nilikipokea tarehe 2 Julai. Tangu siku ile huandika tarehe ya kila jambo linalonipata. Watoto wangu husema ni majivuno. Wana haki.

Hapa Makiso, nyuma ya barabara inayoteremka bandarini, palikuwa na nyumba ndogo ya kahawa. Meza nne, viti vya plastiki, ukuta wa buluu. Mwenyewe nitamwita Mama Solange, ingawa hilo si jina lake. Alikaanga kahawa mwenyewe juu ya makaa, akaitwanga mwenyewe, akaihudumia mwenyewe.

Na ilikuwa kahawa! Nzito, nyeusi, na tangawizi kidogo tu, si ile ya kuficha ubovu. Nilikwenda kila Jumanne na kila Ijumaa. Mimi si mtu wa kudanganywa kwa kahawa. Nimezaliwa katika mashamba ya upande wa Bengamisa, na baba yangu alinifundisha kunusa punje kabla sijajua kuhesabu. Naijua iliyovunda kwa mvua. Naijua iliyokaushwa juu ya moshi. Naijua iliyoachwa motoni dakika mbili zaidi ya haki yake.

Mama Solange alijua kwamba najua. Alikuwa akiniuliza: “Maman, ya leo iko namna gani?” Nami nilijibu kama mkaguzi: “Leo umeitendea haki.” Alifurahi kama mtoto.

Alikuwa na desturi moja, nawe kama ni mtu wa huku unaifahamu. Kabla ya kukupa kikombe, alijimiminia kidogo kutoka chupa ileile, akanywa mbele ya macho yako, ndipo akakujazia. Kwetu huwezi kumpa mtu kinywaji kilichofunguliwa pembeni. Mwenye kutoa huonja kwanza, ili mwenye kupokea anywe kwa amani. Hakuna anayeeleza sababu. Sote tunaijua, na sote tunaiogopa.

Sasa nisikilize.

Jumanne, tarehe 4 Machi, mvua kubwa ilinyesha tangu asubuhi. Watu walikimbilia ndani, hata waendesha toleka waliegemeza baiskeli zao barazani na kuingia. Meza zote zilijaa. Nilikaa. Nilingoja. Vijana watatu wenye kompyuta, walioingia nyuma yangu, walihudumiwa mbele yangu! Niliyaona yale, nikayameza.

Kisha Mama Solange akaja, jasho usoni, akasema kwa sauti ya kuishinda mvua:

“Maman, unisamehe, leo batu ni wengi. Niko na vitu vya mupya. Menu iko pale ku ukuta. Nikusomee?”

Nikusomee!

Mbele ya wale vijana! Mimi niliyekaa miaka mitatu kwenye dawati la watoto, magoti yakigonga mbao, ili nisisomewe tena na mtu yeyote! Leo najua alisema kwa wema, kwa kuwa siku ile sikuwa na miwani. Siku ile sikutaka kujua.

“Lete ya kila siku,” nilisema.

Akaleta kikombe kimejaa tayari. Mikono yake ilikuwa imebeba vikombe vinne kwa mara moja, akakiweka changu, akageuka. Hakuonja.

Nikanywa funda moja. Kahawa ilikuwa imeungua. Imeungua tu, msomaji wangu! Aliiacha motoni akihangaika na wateja, ikashika chini ya sufuria. Ulimi wangu uliitambua papo hapo, kama unavyotambua sauti ya ndugu yako. Ilitosha kumwambia: “Umeunguza, Solange.” Angecheka, angenimwagia nyingine.

Nikakisukuma kikombe hadi katikati ya meza. Nikasema, polepole, kwa Kiswahili changu cha darasani, ili kila mtu asikie:

“Leo huonji, Mama Solange?”

Wale vijana wa kompyuta waliinua vichwa. 

“Niko naonjaka kila siku, maman, weye mwenyewe unajua. Leo mikono haitoshi, donc…”

“Basi kuna nini ndani ya hii?”

Sikusema neno sumu. Nimejitetea kwa hilo mara nyingi kitandani. Sikulisema! Lakini niliwaona vijana wale watatu wakiweka vikombe vyao chini, mmoja baada ya mwingine, na mwanamke wa meza ya mlangoni akitema kwenye leso.

Alikuwapo Tonton Dédé, mteja wa siku nyingi, karani mstaafu wa bandarini, mtu wa mizaha. Alivuta kiti chake hadi mezani kwangu.

“Ah, maman, weye unakatala cha bure? Leta hapa!”

“Dédé, kiache,” nilimwambia, bado nimekaza uso.

“Mi sitakufa na sumu, mi nitakufa na kiu! Solange, angalia, niko namaliza ya maman. Kama nikianguka, munizike na chupa yako ya kahawa!”

Akakinywa chote. Akafuta masharubu, akatoa ulimi kuwaonyesha watu. Wachache walicheka. Mama Solange hakucheka. Aliniangalia tu, kisha akaenda nyuma, na sikumwona tena siku ile.

Nililipa, nikaondoka na mwavuli wangu, kichwa juu. Nilijisikia mkubwa. Mungu anisamehe, nilijisikia mkubwa!

Ijumaa, tarehe 7 Machi, nilipita. Meza tatu zilikuwa tupu. Kwenye ya nne alikuwa Tonton Dédé, miguu yake imevimba juu ya kiti kingine. Miguu ile ilikuwa ikivimba tangu kabla ya Noeli. Yeye mwenyewe aliniambia kwamba daktari alimkataza chumvi na ngazi kwa sababu ya moyo. Nayaandika haya ili ujue kwamba nilijua.

Jumatano, tarehe 12 Machi, Tonton Dédé alianguka akifunga kamba ya kiatu. Hakuamka.

Kabla ya saa sita mchana mji ulikuwa na jina la aliyemuua.

Alasiri ile nilikwenda kwenye kilio. Waliniwekea kiti cha mbele. Kaka yake mkubwa, nitamwita Papa Honoré, aliinama karibu nami, macho mekundu, sauti ya chini.

“Maman, weye ni mutu mukubwa. Na tena unajua kusoma, hausemake ovyo kama hawa. Siku ile, uliona nini?”

Unajua kusoma. Alisema hivyo mbele ya wazee wote.

Hapo ndipo mlango ulikuwa wazi. Maneno mawili yangetosha: iliungua tu. Ningeongeza habari ya moyo na miguu. Lakini ningelazimika kusema pia kwamba mimi, mtu mzima mwenye cheti, nilimtia mwenzangu doa kwa sababu alitaka kunisomea bei za ukutani. Wazee walikuwa wananitazama, nao walikuwa wananiheshimu.

Nikasema: “Mimi nilikikataa kile kikombe. Hilo ndilo ninalolijua.”

Ni kweli, nilikikataa. Lakini ona ukweli ule ulifanya nini!

Papa Honoré alinishukuru. Alinishika mikono yote miwili.

Mimi mwenyewe niliwahi kuketi upande wa pili wa swali hili. Mume wangu alipofariki, tarehe 19 Oktoba, miaka kumi na minne iliyopita, shemeji zangu waliniuliza mbele ya maiti: “Ulimupikia nini?” Siku tatu sikupewa hata maji. Niliapa kwamba mdomo wangu hautamfanyia mwanamke mwingine hivyo. Niliapa!

Ijumaa, tarehe 14 Machi, walimzika. Vijana walibeba jeneza mabegani, wakikimbia nalo na kuimba, vumbi hadi magotini. Umeona jinsi vijana wetu wanavyozika siku hizi: husema maiti mwenyewe ndiye anayeongoza, humvuta mbebaji hadi kwa mtu wake. Njia ya makaburini haipiti nyuma ya bandari. Nilipoona jeneza linakata kona kuelekea kule, nililifuata.

Lilisimama mbele ya ukuta wa buluu.

“Anakatala kupita!” walipiga kelele. “Tonton anakatala! Ni hapa!”

Jeneza likasogea mbele, likarudi, likagonga mlango mara moja. Nilikuwa ng’ambo ya barabara, mbele ya duka la sabuni. Hatua ishirini. Nimerudi kuzipima.

Mama Solange alitoka. Hakukimbia kwa nyuma, ingawa palikuwa na mlango. Alitoka na chupa ya kahawa mkono mmoja na kikombe mkono mwingine, miguu peku.

“Muangalie!” alilia. “Muangalie bote! Niko nakunywa!”

Akamimina. Ilikuwa ya moto, niliona mvuke. Akanywa chote. Akamimina tena. Akanywa. Cha tatu kilimwagika kidevuni, midomo yake ikaanza kuvimba, na bado alimimina.

“Mulikunywa kwangu miaka sita! Nani alikufa? Museme, nani?”

Kijana mmoja akajibu, karibu kwa upole: “Alishakunywa dawa ya kuzuia sumu kule ndani. Njo maana haogope.”



Ndipo aliponiona.

“Maman! Maman, sema! Weye unajuaka kahawa! Waambie ilikuwa nini!”

Watu wote waligeuka kunitazama, hata wale waliokuwa chini ya jeneza. Nilishika pindo la kitenge changu nikalifunga upya, ingawa halikuwa limelegea. Nilitazama sabuni zilizopangwa dirishani. Sikusema kitu.

Jiwe la kwanza lilivunja chupa mkononi mwake. Mengine sikuyahesabu. Mwendesha pikipiki mmoja, ambaye sijui hata sura yake, alimvuta akampakia na kuondoka naye kuelekea kaskazini, kanga inaburuzika, damu kiganjani. Nyuma yao waling’oa mlango, viti, meza. Sufuria ya kukaangia waliitoboa kwa shoka. Halafu wakalinyanyua jeneza, nalo, ajabu, likakubali kuendelea na safari.

Mama Solange yuko Bengamisa, kwa dada yake. Tarehe 20 Machi nilimpelekea ujumbe kwa mwanamke anayeleta kahawa mjini. Niliandika ukurasa mzima wa kuomba radhi, kwa mwandiko wangu bora. Yule mwanamke alirudi na jibu la mdomo, akalitoa bila kuniangalia:

“Amesema usiseme kwake. Sema kwabo.”

Barua yangu ilirudi pia, haijafunguliwa.

Nilikuwa bado najipa siku, leo, kesho, wiki ijayo. Mji haukungoja. Mtu fulani, sijui nani, aliuliza swali jipya: kikombe kile kilitoka mkononi mwa nani? Solange alikiweka mbele yangu. Mimi ndiye niliyekinywea kwanza. Kilikaa kwangu, kikatoka kwangu, kikaenda kwa Dédé. Na kwa nini mimi nilikikataa? Nilijuaje? Na mume wangu, naye alikufa namna gani?

Jumapili, tarehe 23 Machi, ilikuwa zamu yangu kupeleka chai baada ya ibada. Nilionja mbele ya kila mtu, kikombe kizima. Birika lilirudi nyumbani limejaa. Wamama wa kwaya walisema wamefunga. Wote kumi na wanne!

Jana, Jumatano, Papa Honoré alituma mtu. Ukoo unaniomba nifike Jumamosi, tarehe 29, saa nne asubuhi, nieleze. Hakusema “maman” safari hii. Mtoto wangu mkubwa ananisihi nipande boti niende kwa dada yangu Isangi. “Mama, hawa hawataki maelezo,” anasema. Huenda ni kweli.

Nitakwenda. Nitawaambia kahawa iliungua, moyo wa Dédé ulikuwa umechoka, na mimi nilisema nilichosema kwa sababu niliulizwa kama nisomewe. Sijui kama wataniamini, kwa maana sasa nina sababu ya kusema hivyo, na siku ile ambayo sikuwa nayo nilinyamaza. Nimeandika hapa kwanza, Alhamisi, tarehe 27 Machi, ili mtu asiseme kwamba nilibuni nikiwa nimebanwa. Nakala moja nimempa yule mwanamke wa kahawa aipeleke Bengamisa wazi, bila bahasha, aisome yeyote njiani.

Nawe unayekunywa kahawa nje ya nyumba yako: ukiletewa iliyoungua, sema imeungua. Ukicheleweshwa, lalamika kuhusu kuchelewa. Ukidharauliwa, mwite mwenyewe pembeni umwambie umeumia, hata kama sauti itatetemeka. Lakini usimuulize mtu mbele za watu ni nini kilichomo ndani ya kikombe chake, kama jibu unalo tayari ulimini. Kwetu swali hilo halirudi kinywani. Linatafuta mtu, na likimkosa wa kwanza linamtafuta wa pili.

Mtoto wangu ameniuliza kama aje nami Jumamosi. Nimemkataza.