Nurdine wa Mwambani

Watu wa kijiji cha Ngunjuni walianza kwa kumcheka Nurdine. Kumlilia kulikuja baadaye. Walimcheka kwa sababu alikuwa mwanamume mzima, mwenye ndevu na mke, na bado maji yakipwa alikunja suruali akaongozana na wanawake kwenda mwambani kuchokoa pweza na kuokota kombe za pwani. Kwao kazi hiyo ni ya wanawake. Mwanamume ana mtumbwi na nyavu. Mwambani anapita tu, akienda zake.

"Shemeji, kapulana ya kujifunga umeisahau nyumbani?" Chamima, jirani yao, alimwuliza njia nzima.

"Nimemwachia mke wangu," alijibu Nurdine. "Nami kesho nitaazima yako, ina maua mazuri."

Wanawake walicheka hadi wakashika ndoo zisidondoke kichwani. Zuleica, mkewe, alitazama chini kwa haya. Alikuwa bado bibi harusi, msiro mweupe wa urembo usoni haujamkauka vizuri, na wakati anaolewa aliambiwa anapata mume msomi, aliyemaliza sekondari mjini Mocímboa da Praia. Hakuna aliyemwambia kwamba msomi huyo atashindana naye kutafuta pweza.

Mambo yalianzia kwenye sahani. Ilikuwa ile miaka meli za kutafuta gesi zilipoanza kuonekana kwenye ghuba, taa zake zikiwaka kama mji. Nurdine alikuwa amejiunga na umoja wa vijana waliozunguka vijijini kueleza sheria ya ardhi, na kila palipokuwa na mkutano alisimama akasema. Siku moja wakaja watu wa serikali pamoja na watu wa kampuni, wakakusanya kijiji kwenye uwanja wa shule. Mkutano huo waliuita konsulta. Waliuliza watu wana mali gani, maana huenda wakahamishwa. Wanaume wakataja nyumba, minazi, mashamba ya mihogo, mitumbwi. Vikaandikwa. Wanawake walikaa nyuma na watoto, hakuna aliyewauliza kitu.

Jioni Nurdine alikaa kula wali na mchuzi wa kombe uliotiwa nazi. Alifinya tonge, akalishikilia.

"Zuleica, hiki kitoweo umekipata wapi?"

"Wapi tena? Pwani."

"Na cha jana?"

"Pwani."

"Na juzi?"

"Nurdine, kula, chakula kinapoa."

Hakula. Alikaa akitazama sahani kama mtu aliyeona nywele ndani yake. Kijiji kizima kilikula kutoka mwambani, na mwamba haukutajwa. Wanaume hawakuutaja kwa kuwa si wao wanaokwenda. Wanawake hawakuutaja kwa kuwa kwao ulikuwa kitu cha Mungu, kama mvua. Nani anasema mvua ni mali yake? Maji yalipopwa kesho yake, akakunja suruali.

Zuleica alipokumbuka ndoa yake, alikumbuka siku hizo kuliko siku ya harusi. Alikumbuka Nurdine akiteleza kwenye majani ya bahari akakaa majini puu, na wanawake wakamwambia hapo pana pweza, asiinuke. Alikumbuka alivyochomwa mguuni na miiba ya bahari, yeye Zuleica akauweka ule mguu mapajani akaitoa mmoja mmoja, akampaka utomvu wa papai, naye msomi akiuma kitambaa asilie mbele ya mama yake. Haya ilimtoka Zuleica hapo hapo. Kitu kingine kikaingia mahali pake.

Wakipumzika, Nurdine aliwakalisha mchangani akajifanya mkubwa wa serikali, ili wajizoeze kuutaja mwamba. Alitoa tumbo mbele, akakohoa.

"Haya, mama, wewe una mali gani?"

"Sina kitu, bwana mkubwa," mmoja alikuwa akisema, kwa mazoea tu.

"Rudi ukakae. Mwingine."

Ikafika zamu ya Bi Atija, mama yake mzazi. "Andika," alisema Bi Atija. "Nina mwana mmoja, kazi hana, anaokota kombe."

Hata Nurdine alicheka hadi machozi.

Walimwua akirudi kutoka mkutanoni Palma, jua bado liko juu. Watu wawili waliofunika nyuso waliizuia mota, pikipiki yake, njiani. Kabla ya hapo alikwisha ambiwa mara kadhaa apunguze maneno, na kila mara alimwambia Zuleica kwamba wanaotisha hawaumi. Hakuna aliyeitwa mahakamani. Alizikwa siku ile ile, na Zuleica akakaa eda akiwa na mimba kubwa. Eda ya mwenye mimba huisha siku anapojifungua. Hadi hapo hatoki.

Ndipo ikatangazwa konsulta nyingine, ya mwisho. Kitakachotajwa siku hiyo ndicho kitakachohesabiwa; kisichotajwa kimekwenda na maji. Chamima alikuja na wenzake wakaketi mkekani mbele ya Zuleica.

"Shoga, shemeji hayupo. Nani atatusemea?"

"Semeni wenyewe. Aliwafundisha."

"Alitufundisha tukicheka. Wale hawachekeshi."

Zuleica aliweka mkono tumboni. "Maneno ndiyo yaliyomla mume wangu, Chamima. Huyu akizaliwa hana baba. Mnataka akose na mama?"

Pembeni Bi Atija alikuwa akipepeta mchele, akaendelea kupepeta.

Siku ilipofika, wanawake hawakwenda shuleni. Walikuja msibani na mikeka yao, wakajaza ua. Huko shuleni wageni wa serikali na kampuni wakakuta wanaume watupu, wakamwuliza katibu wa kijiji, mzee Cassamo, wanawake wako wapi.

"Wako kwa mfiwa," alisema Cassamo. "Na kutoka hawatoki."

Konsulta bila wanawake isingekubalika, basi wageni wakaja na viti vyao vya plastiki. Mkalimani, kijana wa Kimakonde aitwaye Armando, alivua viatu, akatoa pole vizuri. Kisha akauliza: kina mama, ninyi mna mali gani?

Zuleica alikuwa chumbani, nyuma ya pazia. Alisikia kuku wakiparura. Akasikia Chamima akikohoa, Chamima yule asiyekosa la kusema, na sauti yake ikatoka ndogo kama ya mtoto aliyetumwa dukani.

"Hatuna kitu, bwana mkubwa."

Mwingine akasema hivyo hivyo. Kalamu ya mgeni ilikuwa tayari inafunikwa. Mtoto akageuka tumboni, na Zuleica akaona kwamba kama yeye naye atanyamaza, basi wale wawili wa njiani wamemaliza kazi yao leo, hapa uani kwake.

"Tuna mwamba," alisema.

Armando akauliza nani amesema.

"Mimi, mke wa Nurdine. Tuna mwamba wote wa mbele ya kijiji, na mchanga tunapovua dagaa kwa kutanda nguo majini. Watoto wetu wanakula hapo. Mkituhamisha bara, mtuambie tutakula nini." Akavuta pumzi. "Chamima, waambie unachokileta."

"Pweza," alisema Chamima. Halafu kwa sauti yake ya siku zote: "Na kaa. Na kombe, chaza, majongoo bahari. Andika, kaka, mbona umenikodolea macho?"

Hapo mikeka yote ikasema kwa pamoja, hadi Armando akaomba wasubiriane.

Mwamba haukubaki kwao. Walichopata ni fidia kidogo kwa kila mwanamke, na ahadi ya gari la kuwarudisha pwani siku za bamvua, maji yanapopwa sana, watakapohamia kijiji kipya. Siku nyingine linakuja, siku nyingine haliji. Zuleica naye aliogopa muda mrefu. Kila mota iliposimama njiani, alifunga mlango. Alijifungua binti, eda ikaisha, na arobaini ilipokwisha kijiji kilikuwa hakijahamishwa bado. Maji yakapwa sana asubuhi hiyo. Alimfunga mtoto mgongoni akateremka na wenzake hadi mwambani, na kabla hajainama Chamima alikwisha nyoosha mikono.

"Nipe huyo," alisema. "Hapo kwako chini ya jiwe kuna pweza mkubwa, namwona mkono."