Rovu la Mukabaranga na Matusi ya Agathe

Kwenye vilima vya upande wa Kashuga, miaka ile ya hamsini, hakuna aliyehitaji saa ili kujua kwamba kumekucha. Mukabaranga alikuwa anaita ng'ombe wake. Sauti ilitoka kilimani kwake, ikashuka bondeni, ikapanda kilima cha pili, na ng'ombe wa watu wengine nao wakageuza vichwa kwa adabu, ingawa habari haikuwahusu. Mumewe Rukara, mtu mpole mwenye sikio moja zito, alipenda kueleza wageni kwamba sikio hilo hakuzaliwa nalo hivyo. Lilipata uzito mwaka wa ndoa.

Sauti ile ilikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ni ng'ombe. Ya pili ni Agathe, muuza maziwa wa kilima cha ng'ambo, ambaye Mukabaranga alimshuku tangu zamani kwamba anaongeza maji katika maziwa yake. Tuhuma hiyo haikuwa na ushahidi wowote, na kwa sababu hiyo haikuchakaa. Kila asubuhi ilirushwa bondeni, na kila asubuhi ikarudishwa pamoja na nyongeza. Jumapili wanawake hao wawili walikaa benchi moja kanisani na kuimba kwa kushindana, na padri alidhani ni ibada.

Shida ilikuwa rovu. Kule juu watu wengi walikuwa na uvimbe huo wa shingoni. La Mukabaranga lilianza dogo kama tunda la marakuja, na shangazi zake wakasema linamfaa. Baadaye likawa kama kibuyu, na hapo shangazi wakaacha kusema. Akipanda kilima alisimama njiani, akashika mti, akavuta pumzi kwa mlio wa filimbi. Mwisho hakuweza tena kulala. Alisinzia ameegemea ukuta, huku Rukara akimsikiliza kwa lile sikio zima.

"Mama, twende kwa munganga. Akukate hiyo kitu," Rukara akamwambia mkewe.

"Na sauti? Banasema kisu ikipotea njia, sauti inaenda."

Uso wa Rukara ulilainika kwa namna ambayo mkewe hakuipenda.

"Unawaza nini?"

"Siwazi kitu."

"Rukara!"

"Mama, nasema tu: pumuzi njo ya kwanza."

Munganga wa hospitali ya misioni aliitwa Dokta Édouard. Alikuwa mtu mwangalifu, na uangalifu huo ndio ulioleta taabu yote. Wengine walikata, wakashona, wakamwachia Mungu. Yeye alitaka kujua baadaye nani amepona vizuri, nani vibaya, na kitu gani kilitangulia kwa yule aliyepona vibaya. Kwa rovu, hofu yake kubwa ilikuwa mshipa wa sauti, unaopita nyuma ya uvimbe, mwembamba kama uzi. Kisu kikiugusa, sauti inaondoka. Basi kila aliyekatwa alirudi kidonda kikishafunga, akaketi mbele ya dokta, na Théoneste, muuguzi ambaye pia alikuwa mkalimani, akamwuliza: "Unajisikia namna gani?"

Wanaume walijibu kwa sauti nzuri. Wanawake waliotoka msituni, upande wa Walikale, walijibu kwa sauti nzuri, na bila kuulizwa wakaongeza habari za safari na ubaya wa chakula cha lopitali. Lakini wanawake wa vilimani, wake wa wafugaji, waliinamisha macho mmoja baada ya mwingine, wakaweka mkono mdomoni, wakanong'ona: "Iko muzuri."

Dokta alihuzunika. Alitafuta sababu kwa bidii ya mtu anayeogopa kwamba kosa ni la kisu chake mwenyewe. Alifikiria baridi. Alifikiria urefu wa milima. Mwisho alifika kwenye maziwa: watu wa Walikale hawakuyanywa, wanawake wa vilimani waliyanywa asubuhi na jioni, kuliko hata waume zao, na waliopoteza sauti wote walikuwa wanywaji. Ilikuwa hesabu safi kabisa. Ilikosa jambo moja tu, nalo lilijulikana kwa kila mtu isipokuwa yeye.

Mke wa mfugaji hapazi sauti mbele ya baba mkwe, wala mbele ya mkubwa yeyote. Ananong'ona, na kadiri mkubwa anavyozidi ukubwa, ndivyo mnong'ono unavyozidi kushuka. Sasa munganga aliyekwisha kukupasua shingo ukiwa umelala yuko juu ya baba mkwe. Baba mkwe mwenyewe hakufika huko. Agathe, aliyekatwa rovu lake msimu uliotangulia, alinong'ona vizuri kuliko wote, akahesabiwa wa kwanza katika waliopoteza sauti. Jioni ile ile alirudi kilimani kwake na kumrushia Mukabaranga, kupitia bonde zima, maneno ambayo karatasi hii haitayabeba.

Na Théoneste? Théoneste alilipwa kutafsiri maneno. Sauti si neno.

Mukabaranga alipofika hospitali, akiwa ameshika karibu kila mti wa njiani, dokta alimpapasa shingo, akatikisa kichwa. Alisema wanawake wa vilimani hatawakata tena mpaka ajue kinachowanyang'anya sauti. Na huyu aache maziwa.

Théoneste alitafsiri. Mukabaranga aliweka mkono mdomoni. "Mwambie aksanti," akanong'ona. Dokta alimtazama kwa huruma: huyu hata kabla ya kisu!

Nje, nyuma ya jiko, sauti ilirudi.

"Sauti gani imepotea? Ya nani?"

"Ya bamama bote ba huko juu," akasema Théoneste. "Hata ya Agathe."

"Ya Agathe! Papa Théoneste, ulimusikia Agathe wapi bila sauti? Mwambie munganga ile ni heshima tu!"

"Miye? Nimwambie munganga kama amekosea? Niko na batoto, Mama. Umwambie weye."

Hapo Mukabaranga aliona mtego. Angemwambia vipi? Kwa kunong'ona?

Lakini Agathe aliwaletea masista wa hospitali maziwa kila asubuhi. Kesho yake alipoingia uani, chansi yake, chombo cha mti cha maziwa, kichwani, mgongo wima, Mukabaranga alikuwa ameketi kwenye ngazi chini ya dirisha la dokta. Alikusanya pumzi yote aliyokuwa nayo, ambayo haikuwa nyingi, akaitumia vizuri.

"Agathe! Leo umetia mayi ya mutoni ao ya mvua?"

Agathe alitua chansi chini polepole, kama mtu anayevua koti.

"Miye njo natia mayi? Miye? Hata paka ya padri inakataa maziba yako! Ngombe yako ilikufa zamani, unakamua kivuli yake!"

Kuku walikimbia. Sista mmoja aliangusha beseni. Agathe aliendelea na ukoo mzima wa Mukabaranga, tangu babu hadi ndama, na alikuwa anafika kwa wajomba wakati dokta alipotokea mlangoni, sabuni mikononi.

"Ni nani huyo?"

"Ni Agathe, Dokta," akasema Théoneste kwa upole. "Yule aliyepoteza sauti."

Dokta Édouard alikuwa mwangalifu, lakini hakuwa mjinga. Alikaa kwenye ngazi, akaeleweshwa, akacheka mpaka sabuni ikamkaukia mikononi, kisha akayaondolea maziwa lawama. Wanawake wa vilimani wangekatwa tena. Ila mtu wa utafiti haachi kipimo kibovu bila kuweka kingine: tangu sasa, mgonjwa wa vilimani angetukanwa kwanza, kisha sauti yake isikilizwe. Kazi hiyo alipewa Théoneste, ambaye alikuwa pia katekista, na alikwenda kumwomba padri ruhusa. Padri aliitoa, mradi asiguse mama za watu.

Mukabaranga alikatwa. Rovu lilitoka, na Rukara alipoonyeshwa alivua kofia. Usiku wa kwanza mgonjwa alilala chali, kitu alichokuwa amekisahau. Siku ya kipimo ilipofika, aliketi mbele ya dokta, macho chini. Théoneste alikohoa.

"Mama... kikapo yako haiko muzuri sana."

"Aksanti, Papa," akanong'ona Mukabaranga. "Iko ya zamani."

Dokta aliamua kwamba mgonjwa hajatukanwa vya kutosha. Akaitwa Agathe. Alikuja na mafuta nywelini na kitambaa cha sikukuu, akasimama katikati ya chumba. Mbele ya munganga aliona haya kidogo. Kidogo tu.

"Mukabaranga! Ngombe zako zinakuyaga ukiziita, kwa sababu zinafikiri uko mama yao!"

Mukabaranga aliinua uso. Heshima ilimtoka machoni. Kila mtu aliona jibu linakuja, nalo lilikuwa zuri. Akafungua mdomo. Kilichotoka kilikuwa mkwaruzo, kama mlango wa ghala. Akajaribu tena. Mlango ule ule.

Agathe alikuwa ametayarisha mengine, ya kutosha mpaka adhuhuri. Aliyaacha.

"Rudisha basi," akasema. "Mukabaranga, rudisha!" Kisha akaanza kulia, tena kwa hasira, maana hakuna raha ya kumtukana mtu asiyeweza kurudisha.

Dokta hakucheka. Alimwambia Théoneste amwambie mama kwamba ule uzi wa sauti umeguswa, kwamba mkono uliougusa ni wa dokta mwenyewe, na kwamba sauti huenda ikarudi kidogo, lakini si yote. Katika wale wote aliowahesabu kuwa wamepoteza sauti, huyu ndiye aliyekuwa wa kweli. Théoneste alitafsiri, na safari hii alitafsiri hata sauti.

Mukabaranga alifikiri.

"Mwambie napumua," akakwaruza.

Vilima vilikosa asubuhi yao. Rukara alijaribu kuita ng'ombe badala yake. Walimsikiliza, wakaendelea kula. Nyumba ilikuwa kimya, kama alivyowahi kuwaza bila kusema siku ile ya kuzungumzia kisu, na aligundua kwamba kimya hakimfai: lile sikio zito lilikuwa limezoea kazi. Ikabidi Mukabaranga apande mwenyewe kuwafuata ng'ombe malishoni. Alipanda bila kusimama. Miti ya njiani ilipumzika.

Siku moja, baada ya kuwapeleka ng'ombe, hakurudi nyumbani. Alishuka bondeni, akavuka kijito, akaanza kupanda kilima cha ng'ambo. Agathe alikuwa anakamua. Alimwona akija, shingo nyembamba, mikono haishiki kitu, pumzi shwari kama ya msichana.

"Unatafuta nini huku asubuhi hii?"

Mukabaranga alifika mpaka karibu kabisa, akainama sikioni mwake.

"Mayi ya mutoni," akakwaruza, "ao ya mvua?"

Agathe alimsogezea kigoda, kwa sababu jibu lilikuwa refu.