Maji ya Kitambaa

Shangazi hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale chuoni. Jina hilo alipewa na wanafunzi wenzake, watoto wa juzi, kwa kuwa aliingia darasani akiwa mtu mzima, miwani imefungwa kwa uzi na mdomo hauna breki. Kabla ya hapo alikuwa akifua mashuka ya hospitali. Aliacha baada ya kumzika baba yake, kibarua wa kumwaga lami, aliyeanguka kazini mchana wa jua kali. Daktari alisema ni moyo. "Moyo gani, na mtu alikuwa anachemka?" Shangazi aliuliza, akaambiwa anyamaze, marehemu apumzike. Hakunyamaza. Alikwenda kusomea joto.

Sasa alikuwa chini ndani ya korongo kwa kazi ya chuo, kiangazi kimepamba moto, yuko na mtu aliyemchukia kuliko wote. Kijana huyo waliyemwita Kiranja ndiye aliyeongoza kikundi chao cha kupima joto. Alimchukia Shangazi tangu siku mama huyo alipomkosoa mbele ya mhadhiri. Shangazi naye alimchukia kwa raha zake tu.

Kazi ilikuwa kisanduku cheupe chenye vipimajoto viwili. Kimoja kiko wazi. Kingine kimevishwa kitambaa ambacho lazima kiwe na maji muda wote. Tofauti ya viwili hivyo ndiyo inayosema kama jasho la mtu bado linaweza kumpoza. Kitambaa kikikauka hata mara moja, vipimo vya siku nzima vimekufa. Hiyo ilikuwa siku ya mwisho, na aliyekabidhiwa kitambaa ni Shangazi. Ikiharibika, Shangazi angerudia mwaka, na mumewe alishasema hana subira ya mwaka mwingine.

Asubuhi Kiranja aliamuru dumu la maji ya kunywa libaki juu, kwenye gari, pamoja na wenzao. "Tunashuka kupima, siyo kuoga," alisema. Kufika adhuhuri chupa zao zilikuwa tupu. Ilibaki moja tu, ya kitambaa.

"Nipe hayo maji."

"Haya yana kazi. Yako uliyaacha kwenye gari, kayafuate."

"Wewe mfua mashuka utanifundisha mimi kazi?"

"Mashuka yalikuwa na akili kukuzidi."

Kiranja alianza kupanda kwa hasira. Hakufika mbali. Aligeuka, akaanza kumwita Shangazi mama na kumwomba amfungulie mlango usiokuwepo. Shangazi alimsogelea, akamshika shingo. Ilikuwa kavu, inaunguza. Kijana hakuwa na hata tone la jasho.

Aliitazama ile chupa. Tusimsingizie wema: aliitazama kwa muda. Kisha akamburuta hadi kivulini, akamvua shati, akammwagia maji shingoni na kwapani, huku akimpepea kwa mfuniko wa kisanduku na kumtukana bila kupumzika. "Ukafie kwenu," alimwambia. "Siyo hapa, siyo kwenye siku yangu." Chupa ilipokwisha, alikivua na kile kitambaa, akamkandia nacho paji la uso. Wenzao kule juu kwenye gari walisikia makelele, wakashuka na dumu.

Shukrani ya punda ni mateke. Wiki iliyofuata, ofisini kwa mhadhiri, Kiranja alikuwa mzima na sauti yake ilikuwa imerudi yote.

"Mimi niliacha kitambaa kikiwa na maji," alisema. "Aliyemwaga ni yeye."

"Ni kweli?" mhadhiri akauliza.

"Ni kweli," Shangazi akajibu.

"Basi siku hiyo hatuna. Utarudia mwaka."

Shangazi alikuwa amekuja na matusi yake tayari, yamepangwa kama mashuka kabatini. Lakini mhadhiri alimgeukia Kiranja. "Kwani ulikuwa na nini hata umwagiwe maji?"

Kiranja alitazama sakafu. "Daktari alisema ni joto. Alisema lingeniua."

Shangazi alivua miwani.

"Rudia," alisema.

"Nini?"

"Alichosema daktari."

"Joto," Kiranja alisema, kwa shida.

Shangazi alilia pale pale mbele yao, bila kuficha uso, kilio ambacho hakukimaliza makaburini. Alipotulia alivaa miwani yake, akasimama.

"Mwaka nitarudia," alimwambia mhadhiri. "Ila huyu mtafutie kikundi kingine, kabla sijajuta."