Vidole kwenye Ukuta wa Bibi Tusekile

Nilikuwa na miaka minane, tukiishi Kyimo, na kitongoji chetu kizima kilikuwa na mkomamanga mmoja tu. Ulikuwa wa Bibi Tusekile, mjane asiye na mtoto. Marehemu mumewe alikuwa dereva. Serikali ilipofungulia biashara na malori ya watu binafsi yakaanza kwenda mbali, alirudi kutoka Tanga na mche ndani ya kopo la maziwa. Mvua zetu nyingi haziupendi mti ule. Ulizaa matunda machache, madogo, na watu waliuogopa kama walivyomwogopa mwenyewe. Mume amekufa, mtoto hana, na uani kwake kuna mti ambao hakuna anayeujua: watu wazima walikwisha kuamua yeye ni nani. Sisi watoto tuliambiwa kwamba anayekula kwake ameshaanza kufundishwa uchawi.

Mimi nilikula. Nilikuwa mlafi, sifichi. Mama akienda kuchuma chai, nilipenya katikati ya migomba nikatokea nyuma ya nyumba ya Bibi. Alinifundisha kulipasulia komamanga ndani ya beseni la maji: punje zinazama, ngozi nyeupe zinaelea, na hakuna kinachorukia nguo.

"Maji yake hayatoki, mwana gwangu," alinionya. "Mama yako atakuchapa."

Jumatano moja alinipa tunda la mwisho mtini, akaenda kuteka maji. Subira ikanishinda, nikaling'ata. Maji yakatiririka mpaka kwenye viwiko. Nilikuwa nimevaa gauni jeupe la mtumba, gauni la kwanza maishani mwangu ambalo halikukatwa kwenye nguo ya mama, na fimbo ya mama nilikuwa naijua vizuri. Nikaangalia huku na huku, nikajifuta ukutani. Bibi alikuwa ameupaka udongo mweupe wiki hiyohiyo. Nilibandika viganja vyote viwili, mara tatu au nne, nikatimua mbio. Jioni mama alinisugua mikono kwa limau akauliza nimekula nini. Nikamdanganya kwamba ni forosadi.

Jumamosi akafa Ambakisye, mtoto wa jirani, rika langu, kwa homa ya siku mbili. Kesho yake, tulipokuwa tunarudi kumzika, mtu mmoja alikatiza nyuma ya nyumba ya Bibi Tusekile akaviona vile viganja. Vilikuwa vimegeuka rangi ya damu iliyokauka. Kwetu iliaminika kwamba mtoto aliyeliwa na wachawi hurudi kugonga ukuta wa aliyemla. Haukupita muda, uwanja ukajaa watu wa msibani. Mama nami tulikuwa miongoni mwao.

"Hilo ni komamanga," Bibi Tusekile alisema.

"Komamanga gani lenye vidole?" aliuliza baba yake Ambakisye. Hakupaza sauti. Ilikuwa imemwishia makaburini.

"Mtoto alikula, akajifuta."

"Mtoto wa nani? Mtaje."

Bibi aliwapitia watu wote kwa macho, mmoja mmoja, mpaka akanifikia. Tukatazamana. Mama alikuwa anautazama ukuta, kisha akazitazama kucha zangu, ambazo bado zilikuwa na weusi pembeni. Akauvuta mkono wangu ndani ya khanga yake, akaubana mpaka nikataka kulia. Alikuwa ameshajua.

"Simjui," Bibi Tusekile alisema.

Wakaibomoa nyumba kwa majembe yaliyotoka kuchimba kaburi. Mkomamanga wakaung'oa. Yeye mwenyewe hawakumgusa, waliogopa. Walimwacha aondoke na mfuko mmoja kwenda kwa kaka yake, kijiji cha Kinyala. Habari zilikuwa zimemtangulia. Tulisikia baadaye kwamba alifia kule, peke yake, kwenye banda la mbuzi, maana ndani ya nyumba walikataa kumpokea.

Sikumuuliza mama kwa nini aliuficha mkono wangu mpaka nilipokuwa mtu mzima, nami nikiwa na binti. Alikuwa anamenya ndizi, na hakusimamisha kisu.

"Wangesema ulimla Ambakisye pamoja naye," alinijibu. "Ungekuwa wewe, ungefanya nini?"

Ningefanya alivyofanya. Ningembana binti yangu mkono hivyohivyo na kumwacha mwanamke mwingine abomolewe nyumba. Nikiliwaza hilo naona aibu, lakini mama namwelewa.

Ninayeshindwa kumwelewa mpaka leo ni Bibi Tusekile. Sikuwa mtoto wake, wala mjukuu wake. Jina langu tu lingetosha kumwokoa, na alikuwa nalo mdomoni, akalimeza.

Kwa miaka mingi nimejitetea kwamba nilikuwa mdogo. Na kweli nilikuwa mdogo. Lakini "Ni mimi" ni maneno mawili tu, na nilishajua kuyatamka.