Kizuizi cha Felista

Siku Devotha alipotimiza miaka kumi na minne, hospitali ilimpa zawadi: ilimfukuza wodi ya watoto. Nesi aliyemjua tangu ana meno ya maziwa alilifunga faili lake, akalisukumia kabatini, akasema, "Mama, huyu sasa mtu mzima. Mpeleke jengo la pili."

Jengo la pili liko hatua mia moja kutoka pale. Felista, mama yake, alizitembea hatua hizo miezi mitatu na hakufika.

Felista anauza ndizi na tangawizi za Matombo, kwao milimani, hapa Morogoro mjini. Mtu mfupi, sauti ndefu. Mimi ni mpangaji wake, na kwa kuwa niliacha masomo ya maabara katikati, huniita Nusu Diploma hata mbele ya wageni. Mwaka huo wa 2000 nusu hiyo ilimfaa, maana Devotha ana siko seli. Chembe za damu yake, badala ya kuwa duara kama sahani, hujipinda kama mundu, zikakwama kwenye mishipa. Zikikwama, mtoto hulia mifupa mpaka sauti inakauka, na kinachomtuliza ni sindano ya wodini.

Jengo la pili walimpokea hivi.

"Anaumwa nini?"

"Siko seli."

"Nani kasema?"

"Wodi ya watoto, hapo dirishani unaiona."

"Wodi ya watoto ni ya watoto, na faili lao halitoki. Sisi tunataka cheti cha kipimo kikubwa. Bila cheti hatumwandikishi."

Kipimo chetu cha mjini hudondosha dawa kwenye tone la damu na kuonyesha kama chembe zinajipinda. Hakisemi nani mgonjwa na nani kabeba tu, yaani ana nusu ya ugonjwa na haumwi. Hicho kikubwa Devotha alipimwa Dar es Salaam mwaka 1988, yeye na nyumba nzima, enzi hizo kiwanda cha baba yake bado kinatibu wafanyakazi na watoto wao. Baadaye kiwanda kikauzwa, zahanati yake ikawa stoo ya sabuni, na sisi tukaambiwa hayo ndiyo maendeleo.

Basi Devotha akawa anaenda jengo la pili kama mpita njia. Siku moja alikaa kwenye benchi toka asubuhi mpaka saa nane, goti limevimba kama papai, nesi akamtazama: "Binti mzima unalilia sindano? Mateja wa mitaani walianza hivihivi." Felista tulimshika watu watatu. Nilipata teke ambalo halikuwa langu.

Cheti hicho hakikupotea, na hapo ndipo hasira ilipo. Kilikuwa Matombo, ndani ya sanduku la kaka yake Felista, Andrea.

Kwetu Waluguru mtoto ni wa mama. Shamba ni la upande wa mama, lukolo, yaani ukoo, ni wa mama, na mwenye neno ni mjomba. Kwa hiyo majibu yalipotoka Dar yalikwenda kwa mjomba, kama karatasi ya shamba inavyokwenda. Kikao kikakaa, wazee wakanywa togwa, wakatoa uamuzi: mtoto akiwa wa ukoo wa mama, na ugonjwa wake ni wa ukoo wa mama. Laurenti, baba mtu, aliupokea uamuzi huo kwa furaha ya mtu aliyefutiwa kesi. Jina lake lilikuwa mstari wa pili wa karatasi ileile: amebeba. Hakuna aliyeusoma mstari wa pili. Alipopunguzwa kiwandani alikwenda Ifakara kulima mpunga, msafi kama maji ya baraka, na hutuma salamu.

Felista akapanda Matombo kwa lori la ndizi, nami nikiwa juu ya mikungu mitupu. Andrea tulimkuta uani anapaka nyumba chokaa.

"Shikamoo kaka. Nimefuata karatasi ya mtoto."

"Marahaba. Pumzika kwanza, mdogo wangu."

"Nimepumzika kwenye lori. Karatasi."

Andrea akaweka brashi chini. Akasema karatasi ipo, ila isubiri harusi ipite. Stephano, mwanawe, alikuwa anamwoa Angelina, binti mkubwa wa Felista. Ni ndoa ya kale ya huku, mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi, na ruhusa ya Askofu ilishapatikana: wajukuu wa Andrea watazaliwa na Angelina, kwa hiyo watarudi kwenye ukoo wake, na shamba halitoki. Mke wa Andrea na ndugu zake walikuwa wameikubali. Hawakujua kuna karatasi.

"Angelina kabeba," Felista akasema. "Imeandikwa humo. Stephano je, kapimwa?"

"Stephano apimwe nini? Yeye ni wa ukoo wa mama yake. Ugonjwa wetu haumgusi."

Nikajitia kimbelembele. "Mjomba, damu haijui ukoo. Kila mzazi anatoa nusu. Wewe ukiwa nayo kama dada yako, Stephano anaweza kuwa nayo, na Angelina akiwa nayo..."

"Wewe nani?"

"Mpangaji."

"Basi kapange."

Felista akashusha sauti, jambo linalotisha kuliko kelele zake. Kisha akasema, "Kaka, mwanangu anaitwa teja kwa sababu ya sanduku lako."

"Wiki mbili tu, Felista. Hajafa miaka yote hii."

Tungelivunja hilo sanduku. Nilipendekeza. Felista akasema yeye si mwizi, na kesho ni Jumapili.

Kanisani palijaa. Baada ya misa Padri akasoma matangazo ya ndoa, tangazo la tatu na la mwisho, Stephano wa Andrea na Angelina wa Laurenti, na mwenye kujua kizuizi chochote alete taarifa.

"Mimi ninacho, Baba," Felista akasema, kasimama.

Mabenchi yote yaligeuka. Mama mmoja nyuma yangu akanong'ona kwa raha, "Kijana ana mke Dar, nilisema!"

Katekista akamkimbilia. "Mama Angelina, mambo hayo huletwa ofisini."

"Ofisini kwa nani? Mwenye ofisi kwetu ni kaka yangu, na cheti amenifungia kwenye sanduku! Devotha wangu anaumwa siko seli. Mimi nimebeba, Laurenti kabeba, Angelina kabeba. Cheti kiko kwa Andrea miaka kumi na miwili, na mwanangu anakosa sindano ili ninyi mle pilau. Stephano apimwe. Akiwa mzima waoane kesho, ngoma nitapiga mimi."

Andrea alisimama kusema dada yake amechanganyikiwa. Hakufika mbali. Mkewe, aliyekaa upande wa wanawake na kaka zake wawili nyuma yake, alisimama pia.

"Baba Stephano, karatasi gani?"

"Tutaongea nyumbani."

"Ndiyo. Twende sasa hivi, unifungulie sanduku."

Karatasi ilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni, safi, haina hata alama ya mende. Ameitunza vizuri, mshenzi yule.

Jumatatu lori lilishuka na ndizi, Felista, Angelina na Stephano. Andrea alikuja kwa amri ya mashemeji zake. Dirisha la maabara lilimtoboa Stephano kidole. Baada ya muda wakamwita: chembe zinajipinda. Haumwi, kwa hiyo kabeba. Angelina aliivua pete, akaitazama, akaivaa tena, akamwambia wakae nje waongee wawili, bila mjomba na bila shangazi.

Jengo la pili, tulipompeleka Devotha, nesi yuleyule aliisoma karatasi mara mbili. Akachukua faili jipya.

"Mama, mtoto hutumia dawa gani?"

"Niulize mimi," Devotha akasema. "Foliki, vidonge vya kuongeza damu, kila siku. Dawa ya kuzuia malaria. Maji mengi. Na nikija nalia, ujue nilianza kulia jana."

Nesi akaandika. Hakuomba radhi, labda faili halina mstari wake. Kisha akamwambia Felista, "Mgonjwa ni mtu mzima. Wewe subiri nje."

Miezi mitatu ya kuugombania mlango, na mlango ulipofunguka akatolewa yeye. Nilidhani atamla. Alitoka, akakaa kwenye benchi, pembeni ya Andrea aliyebana pamba kwenye kidole. Kumbe naye alikuwa ametoboka.

"Felista," Andrea akasema, "na mimi wakisema ninayo?"

"Tutakuitia kikao."